Cheni ya Zege Inataka Maji

"Dada, cheni nyingine imekwisha." Mdogo wangu alisema hivyo kabla hata hajavua buti. Ilikuwa ya tatu mwezi ule. Hapa Uingereza amejiajiri, kwa hiyo cheni za msumeno wa kukatia zege ananunua mwenyewe, na bei ya moja ingetulisha wiki kadhaa.

Mimi ni muuguzi, misumeno siijui. Lakini nilisikia anakohoa, na nguo zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Nikamwuliza, "Maji yalikuwa wapi?" Akakiri kwamba aliyapunguza, maana jirani alilalamika tope linamwagikia uani kwake.

"Nakuambia habari ya cheni, wewe unaniambia mapafu!"

Tukafungua kitabu cha maelekezo cha msumeno wake. Kumbe ni habari moja.

Cheni hii haina meno kama ya kukatia mbao. Ina vipande vyenye chembe za almasi vinavyosaga zege. Maji huipoza na kuusukuma nje unga. Yakipungua, unga unakuwa tope zito, linaingia kwenye viungo vya cheni na kuvila kama msasa, mpaka cheni inarefuka na kulegea. Unga usioloana unapanda hewani. Una silika, na chembe zake ndogo kabisa huacha makovu kwenye mapafu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuponya. Ndiyo maana sheria ya hapa inaweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo, wastani wa saa 8.

Kitabu kilitaka msukumo wa maji usiopungua baa 1.5. Yeye alikuwa anaachia kama anamwagilia mchicha.

Makosa mengine aliyakiri mwenyewe. Alikuwa anakaza cheni mno, wakati inatakiwa ikae vizuri lakini bado uweze kuivuta kwa mkono. Aliwahi kuiingiza cheni mpya kwenye mkato wa cheni iliyochakaa, ikakwama, kwa kuwa vipande vipya ni vinene zaidi. Nondo nazo zinaila haraka. Ni afadhali kupanga mkato ili chuma kikatwe pamoja na zege, si chuma kitupu. Cheni ikiteleza bila kukata, almasi zimefunikwa: unakata tofali laini lenye chengachenga mara chache, zinajitokeza tena. Na kabla ya kuzima, iache izunguke na maji sekunde 15 hivi, halafu ipulizie mafuta mepesi.

Tope sasa analizuia kwa mifuko ya mchanga na kulizoa, wala halimwagi mtaroni. Barakoa bado anavaa, maana maji hayamalizi vumbi lote.

Cheni ya nne iko wiki ya tano. Kwa daktari ameahidi kwenda Alhamisi. Nimeomba ruhusa kazini nimsindikize, maana namjua.