Nyota ya Alasiri: Wafungaji Waliochelewa katika Hoki ya Barafuni

Wahenga walinena kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Methali hii hutumiwa na wazazi, na walimu, na pia, pengine bila wao kujua, na wasaka-vipaji wa michezo ambao kazi yao ni kumtazama kijana wa miaka 18 na kutabiri atakavyokuwa akifika 30. Aghalabu utabiri huo hauendi kombo mno. Alexander Ovechkin alifunga mabao 52 katika msimu wake wa kwanza, 2005-2006, na hakukoma hadi Aprili 2025 alipoipita rekodi ya Wayne Gretzky ya mabao 894. Makala haya hayamhusu Ovechkin. Yanawahusu wachezaji wa hoki ya barafuni walioanza wakiwa na sifa nyingine kabisa, wakaishi na sifa hiyo kwa miaka, kisha wakawa wafungaji katika umri ambao wengi wa rika lao huwa wameanza kushuka. Swali linaloshughulikiwa ni moja: je, wachezaji hawa walibadilika, au ni macho ya watazamaji yaliyobadilika?

Suala la istilahi halina budi kutanguliwa. Kiswahili kina 'mpira wa magongo', jina linaloufaa mchezo wa nyasini ambao timu ya Kenya iliumudu hadi kushika nafasi ya 4 katika Kombe la Dunia la 1971 mjini Barcelona. Jina hilo halifai barafuni kwa sababu nyepesi: hakuna mpira. Kinachopigwa ni kisahani cheusi chenye upana wa sentimita 7.6 na unene wa sentimita 2.5 hivi. (Mwanaisimu mtundu atajibu kwamba kisahani chenyewe kimeundwa kwa mpira, na hatakuwa amekosea.) Humu basi tutatumia 'hoki' na 'kisahani'. Mchezo huu si mgeni kabisa nchini. Uwanja mdogo wa barafu ulifunguliwa katika hoteli ya Panari jijini Nairobi mwaka 2005, na timu ya Ice Lions iliyochipuka hapo ilialikwa Kanada mwaka 2018.

Kila upande huwa na wachezaji 6, kipa akiwemo. Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22 tu, na kipa aliyevaa mavazi yake mazito huliziba karibu lote. Kutokana na hali hiyo, shuti la mbali ambalo kipa analiona vizuri mara nyingi haliingii. Mabao mengi hupatikana katika vurugu za mbele ya lango: kisahani kilichopanguliwa na kipa hurudi kikamkuta mtu, au mkondo wake hugeuzwa kwa ncha ya gongo kikiwa hewani. Mahali hapo ni pa maumivu. Walinzi humsukuma anayesimama hapo, humpiga magongo mgongoni, na visahani vyenyewe humgonga. Si kila mwenye kipaji anayekubali kupakaa.

Zach Hyman ni mfano unaostahili kukaliwa kwa muda. Mwaka 2010 timu ya Florida Panthers ilimchagua akiwa wa 123 katika uteuzi wa kila mwaka wa chipukizi. Hakuichezea hata mechi moja. Alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan, na mwaka 2015 haki za kumsajili zikahamia kwa Toronto Maple Leafs. Huko alipewa kazi ambayo kila timu inaihitaji na ambayo haiimbwi: kukimbilia kisahani kwenye kona, kukipokonya, na kuwapa wafungaji wenye majina. Katika misimu yote aliyokaa Toronto hakuwahi kuvuka mabao 21. Mwaka 2021, akiwa na miaka 29, alihamia Edmonton Oilers kwa mkataba wa miaka 7. Wapo walioona kuwa mkataba huo ni mrefu mno kwa mchezaji wa aina yake.

Yaliyofuata yanaelezwa vyema na takwimu: mabao 27 katika msimu wa 2021-2022, mabao 36 katika uliofuata, kisha mabao 54 mwaka 2023-2024 akiwa na miaka 31. Katika michuano ya kuwania Kombe la Stanley iliyofuata aliongeza mabao 16, mengi kuliko ya mchezaji yeyote mwaka huo. Edmonton walifika fainali, wakashindwa katika mechi ya 7 kwa mabao 2 kwa 1. Waliowafunga ni Florida Panthers, ile ile timu iliyomteua kijana wa 123.

Msomaji wa fasihi atapendezwa kujua kwamba Hyman ni mwandishi pia. Alianza kuchapisha vitabu vya watoto mwaka 2014, kabla hajacheza mechi hata moja ya ligi kuu ya Marekani ya Kaskazini, NHL. Jambo hilo halielezi mabao yake, lakini linaonyesha jinsi lakabu ya 'mchapakazi wa kona' ilivyomfinya mtu aliyekuwa mpana kuliko lakabu hiyo.

Ni nini kilichobadilika? Miguu yake haikuongezeka kasi alipokaribia miaka 30. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama na mtu wa kusimama naye. Edmonton wana Connor McDavid, ambaye katika msimu huo wa 2023-2024 alitoa pasi 100 zilizozaa mabao. Ujuzi ambao Hyman aliunoa kwenye kona, yaani kusoma kisahani kitaangukia wapi na kufika pale akiwa amebebeshwa mlinzi mgongoni, ulisogezwa mita chache hadi mdomoni mwa lango. Kazi ilikuwa ile ile. Mavuno ndiyo yaliyotofautiana.

Hapa pana pingamizi la haki. Mtu anaweza kudai kwamba mabao hayo ni ya McDavid na kwamba yeyote angeyafunga. Kisa cha Jonathan Cheechoo kinalipa dai hilo nguvu. Joe Thornton alipojiunga na San Jose Sharks mwishoni mwa Novemba 2005, Cheechoo alimaliza msimu na mabao 56. Misimu mitatu iliyofuata alipata 37, kisha 23, kisha 12. Mwenza aliyemwinua alikuwa bado yupo pale pale. Mfungaji ndiye aliyefifia. Kwa hivyo mwenza ni sharti la lazima, lakini hatoshelezi. Isitoshe, wengi wamepewa nafasi pembeni mwa McDavid na hawakukaribia mabao 54.

Historia inatoa ushahidi wa zamani zaidi. Johnny Bucyk wa Boston Bruins, mzito wa mwili na asiye na mbio, alikuwa na miaka 35 alipofunga mabao 51 katika msimu wa 1970-1971. Hadi wakati huo hakuwahi kuvuka mabao 31. Ni kweli kwamba ligi ilikuwa imetanuka kutoka timu 6 mwaka 1967 hadi 14, hivyo walinzi hodari walitapakaa. Ni kweli pia kwamba Boston ya mwaka huo, yenye Phil Esposito na Bobby Orr, ilifunga mabao 399. Lakini kisahani kilichorudi kutoka kwa kipa kilihitaji mtu aliyejua kungoja karibu na mlingoti, na kungoja huko Bucyk alikuwa amekufanyia mazoezi tangu miaka ya 1950. Alibaki mtu mwenye umri mkubwa zaidi kufikisha mabao 50 hadi mwaka 2022, Ovechkin alipofanya hivyo akiwa na miaka 36.

Chris Kreider, aliyekuwa wa New York Rangers wakati huo, anaweza kupitiwa haraka: hakuwahi kuzidi mabao 28, kisha akafunga 52 mwaka 2021-2022 akiwa na miaka 30. Nusu yake kamili, mabao 26, aliyapata wapinzani walipokuwa pungufu kwa sababu ya adhabu, naye amesimama mbele ya macho ya kipa.

Martin St. Louis ni wa namna nyingine. Hakuteuliwa na timu yoyote. Alionekana mfupi mno. Calgary Flames walimchezesha mechi 69, akafunga mabao 4, wakamwacha mwaka 2000. Tampa Bay Lightning walimpa kile alichokosa, nacho ni dakika za kucheza. Msimu wa 2003-2004 aliongoza ligi nzima kwa alama 94. Fainali ya mwaka huo ilikuwa dhidi ya Calgary, na katika mechi ya 6, ndani ya uwanja wa Calgary, ni yeye aliyefunga bao la ushindi katika kipindi cha pili cha muda wa ziada. Tampa walitwaa kombe katika mechi ya 7. Idadi yake kubwa zaidi ya mabao, 43, aliifikia akiwa na miaka 31.

E. M. Forster, katika mihadhara yake ya 1927 kuhusu riwaya, alitofautisha wahusika bapa na wahusika duara, na wanafunzi wa fasihi wa Afrika Mashariki wamekariri tofauti hiyo vya kutosha. Kinachosahauliwa ni kwamba ubapa mara nyingi hutokana na msimulizi. Taarifa za wasaka-vipaji ni masimulizi mafupi mno: 'mfupi', 'mzito', 'mchapakazi'. Mchezaji akishaandikwa hivyo, kocha humpa dakika zinazolingana na neno hilo, na dakika hizo huzaa takwimu zinazolithibitisha. St. Louis wa mabao 4 hakuwa uongo. Alikuwa mhusika aliyepewa sura moja tu ya kitabu.

Mwaka 2024-2025 Hyman alifunga mabao 27, nusu kamili ya msimu uliotangulia. Palizuka tena wale waliosema kuwa sasa ameonekana alivyo hasa. Idadi hiyo ni sawa na ile ya msimu wake wa kwanza Edmonton, ambayo wakati huo ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kufikia.