Amani ya Kongwa na Kiteto imo kwenye daftari la kijiji

Sehemu kubwa ya mahindi yanayouzwa soko la Kibaigwa, wilayani Kongwa, hutoka Kiteto, ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini, na miongoni mwa wanaoyalima wamo watu waliotoka huku kwetu kutafuta mashamba. Kwa hiyo mtu wa Mlali, hapa Kongwa, akisikia Kiteto kumechafuka, hiyo si habari ya mbali. Inamhusu shemeji yake.

Januari 2014 watu waliuawa na nyumba zikachomwa katika eneo la Emboley Murtangos, hifadhi ya jamii iliyotengwa na vijiji vya Kiteto. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alifika mwenyewe. Kilosa walishayapitia hayo Desemba 2000, watu 38 walipouawa Rudewa Mbuyuni. Kila mara wageni wakubwa huja, hotuba ya kuvumiliana husomwa, magari huondoka, na wenyeji hubaki na mpaka uleule wa mashamba na malisho ambao hakuna anayejua unapita wapi.

Mgogoro huu tumezoea kuuita wa wakulima na wafugaji. Mimi nauona zaidi kuwa ni wa uongozi wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia, na mkutano mkuu ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Lakini viongozi wachache wanaweza kukaa chini ya mti na kumkatia mgeni mamia ya eka za malisho, na mkutano usijue. Mgeni anashika karatasi yenye muhuri. Mfugaji anazo njia za ng'ombe alizoonyeshwa na baba yake. Kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba ameonewa, na hapo polisi hana la kuamua.

Dawa iliyofanya kazi imepatikana Kiteto hukohuko. Vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliandaa kwa pamoja mpango wa matumizi bora ya ardhi, vikatenga malisho ya zaidi ya hekta 12,000 yanayovuka mipaka yao, na eneo hilo vikaliita OLENGAPA, jina lililounganishwa kutokana na majina ya vijiji hivyo. Wafugaji waliunda chama, na mwaka 2016 kikapewa hatimiliki za kimila za malisho hayo. Kazi ilikuwa ya polepole na ya kuchosha: kutembea mipakani na wazee, kubishana juu ya lambo na mapito ya mifugo, kurudi kwenye mkutano mkuu wa kila kijiji kuomba ridhaa, kuandika muhtasari, kuanza upya pale kijiji kimoja kinapokataa. Naamini uchovu huo ndio ulioupa mpango nguvu. Kilichopitishwa na watu mbele ya watu, kiongozi mmoja hawezi kukiuza usiku.

Mfano mwingine ni Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako amani walianza kuitafuta sokoni. Katika mapigano ya koo ya mwaka 1992 na 1993, wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walikubaliana kuwa hakuna atakayezuiwa kuuza wala kununua kwa sababu ya ukoo wake, wakaweka kamati ya kusimamia hilo. Ndipo wakawafuata wazee, na mwaka 1993 wazee wakatia saini Azimio la Al Fatah. Mwaka 1995 juhudi hizo ziliingizwa katika mfumo wa maendeleo wa wilaya, na kamati za mfano wake zikasambaa hadi sehemu nyingine za Kenya. Hawakungoja Nairobi iwape ruhusa, ila walihakikisha baadaye serikali inawatambua.

Sisi tayari tunalo baraza la ardhi la kijiji: wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, kazi yao kusuluhisha. Linakwama pale wajumbe wanapokuwa jamaa wa mwenyekiti. Na hapa siasa haikwepeki. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na wenyeviti wengi wa vijiji wakapita bila kupingwa. Mwenyekiti asiyemwogopa mpiga kura hana sababu ya kuitisha mkutano, na ardhi ikigawiwa bila mkutano, rungu huja nyuma yake. Anayetenganisha mageuzi ya uchaguzi wa kijiji na amani ya malisho hajakaa na watu wa Kiteto.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ukiitishwa, nenda, hata kama ni siku ya palizi. Mwombe mtendaji asome muhtasari wa mkutano uliopita na aonyeshe ramani ya malisho na mashamba. Asipokuwa nayo, dai iandikwe siku hiyo kuwa ajenda ya kwanza ya mkutano ujao.