Bata Bukini na Vifaranga Wake

Karibu kila ploti ya skimu ina kipande kisichofaa jembe: ukingo wa kijito, bonde lenye majimaji, au njia ya ng'ombe. Ikiwa nyasi zake ni fupi na laini, hapo ndipo bata bukini atakapokaa vizuri. Ndege huyu hachakuri kama kuku. Hula majani kama kondoo. Nyasi zikiwa ndefu huwa ngumu, naye huziacha. Kwa hiyo tanguliza ng'ombe, kisha mabata bukini wafuate nyuma yao. Lakini usiwaache karibu na sukumawiki wala mahindi machanga, maana hawatabagua.

Mkubwa aliye katika malisho mazuri hahitaji nafaka nyingi. Konzi ya mahindi yaliyopondwa kila jioni yatosha, tena itamzoeza kurudi bandani bila kufukuzwa. Wakati wa kiangazi na wakati wa kutaga, mwongeze.

Hasara kubwa huwapata vifaranga. Kifaranga asiyelelewa na mama ana malaika tu mwilini, na malaika hayo hayazuii maji. Akilowa hushikwa na baridi, na mara nyingi hufa. Katika nchi ya baridi kama Kinangop, ambako wakulima wa skimu walipewa mashamba, umande wa asubuhi ni adui mkubwa. Usiwatoe nje mpaka jua limekausha nyasi, na kwa wiki tatu au nne za kwanza uwaweke mahali penye joto. Hata hivyo wanahitaji maji ya kuwafikia puani, kwa sababu husafisha pua na macho kwa kuchovya kichwa. Tumia chombo chembamba, au tia mawe ndani ya karai ili wasiingie kuogelea.

Wengi huuliza kwa nini vifaranga hupinda miguu. Sababu moja ni chakula. Unga wa vifaranga wa kuku waweza kuwa na niasini kidogo mno kwao, na hiyo ni vitamini wanayoihitaji kuliko kuku. Changanya unga huo na hamira kavu ya bia ukiipata kwa muuza chakula cha mifugo, na uwape majani mabichi yaliyokatwakatwa tangu siku za kwanza, pamoja na mchanga wa kusagia chakula. Uulize pia kama unga umetiwa dawa, maana dawa nyingine za kuku huwadhuru ndege wa jamii ya bata.

Mahindi yenye ukungu usiwape kabisa. Kuna desturi ya kusema kwamba yaliyooza ni ya ndege. Desturi hiyo ni mbaya. Sumu ya ukungu huharibu ini, na vifaranga wa jamii ya bata huumia upesi kuliko wa kuku. Maganda na majani ya avokado nayo ni sumu kwa ndege.

Usimkamate bata bukini kwa miguu, kwa kuwa huteguka kwa urahisi. Mshike chini ya shingo, kisha mbebe mwili kwa mkono wa pili. Usiku wafungie bandani kwa ajili ya mbweha.

Dume mmoja atosha majike watatu hadi watano. Mayai huanguliwa baada ya siku 28 hadi 34. Ukimtumia kuku kuatamia, mpe mayai manne hadi sita tu, nawe uyageuze kwa mkono kila siku, kwa sababu ni mazito kwake.