Chasisi ya gari la mbio: Chuma cha kawaida bado kina faida

FUNDI mwenye karakana ndogo anapoletewa kazi ya kutengeneza chasisi ya gari la mbio, mara nyingi mteja huwa amekwisha kusikia sifa za alumini na nyuzi za kaboni. Uamuzi atakaoufanya fundi unaweza kumpa faida au kumfilisi, na unagusa pia uhai wa dereva.

Jambo la kwanza ni kutofautisha nguvu na ukakamavu. Nguvu huzuia chuma kukatika au kupinda kabisa. Ukakamavu hukizuia kunyumbuka. Chasisi inayonyumbuka kwenye kona huharibu kazi ya springi na shokapu.

Chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, kinachojulikana kama 4130, kina nguvu kuliko chuma cha kawaida, lakini ukakamavu wake ni karibu sawa. Anayekinunua kwa bei kubwa kisha akatumia bomba la vipimo vile vile, hapunguzi uzito wala haongezi ukakamavu.

Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma, lakini ukakamavu wake nao ni theluthi moja. Aidha, aina nyingi za alumini ngumu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu karibu na mshono zinapochomelewa. Ndiyo maana kampuni ya Lotus ya Uingereza, ilipotoa gari la Elise mwaka 1996, iliunganisha chasisi yake ya alumini kwa gundi maalumu.

Nyuzi za kaboni, ambazo McLaren ilizitumia kwenye chasisi ya Formula 1 mwaka 1981, ni nyepesi na kakamavu mno. Hata hivyo, zinahitaji kalibu na tanuri la mgandamizo, na zikipasuka hazinyooshwi kwa nyundo.

Umbo nalo lina faida kubwa. Kwa tao kuu la kumkinga dereva gari likipinduka, kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinataja bomba la milimita 45 lenye unene wa 2.5, au la milimita 50 lenye unene wa 2.0. Hili la pili lina uzito wa kilo 2.4 hivi kwa mita, wakati la kwanza lina kilo 2.6, lakini ni kakamavu zaidi kwa takriban asilimia 15. Chuma ni kile kile. Kilichobadilika ni upana.

Kanuni hizo zinataka bomba lisilo na mshono. Kwa hiyo, bomba la geti halifai kwa kazi hiyo, hata kama gari ni la mashindano ya mtaani.

Fundi anashauriwa kudai cheti cha kiwanda anaponunua mabomba, kuyapanga kwa pembetatu, na kuchomelea kipande cha majaribio kisha kukivunja. Kikikatikia kwenye mshono, kazi isianze.

Somo hilo linamfaa pia mkulima anayeagiza tela la trekta. Kabla ya kulipia chuma cha bei ghali, aulize kwanza upana wa mabomba, mpangilio wake na ubora wa uchomeleaji.