Kompyuta inazima saa nane mchana? Tazama kwanza njia ya hewa

Msikilizaji wetu mmoja mwenye duka la steshenari alitupigia simu akiwa amekata tamaa. Asubuhi kompyuta yake ya mezani hufanya kazi vizuri. Ikifika saa saba au saa nane mchana inakuwa nzito, feni inapiga kelele, kisha inazima yenyewe. Akisubiri nusu saa, inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea.

Siku aliyotupigia, ilizima wakati kijana aliyemaliza kidato cha sita yuko katikati ya kujaza maombi ya mkopo wa chuo, na mwisho wa kutuma ulikuwa kesho yake. Fundi alikwisha kumwambia kwamba mashine imechoka, atafute nyingine. Pesa ya kununua nyingine hakuwa nayo.

Tulimwomba afungue boksi la kompyuta, atupigie picha kwa simu na atutumie. Picha ilisema yote. Juu ya prosesa kuna bamba la chuma lenye mapezi mengi membamba, na nafasi kati ya mapezi hayo ilikuwa imezibwa na vumbi jekundu lililoshikana kama kipande cha blanketi. Kompyuta ilikuwa inakosa hewa.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini joto huzima kompyuta, hewa inatakiwa ipite wapi ndani ya boksi, na unachoweza kufanya mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Joto linatoka wapi?

Karibu umeme wote unaoingia kwenye kompyuta huishia kuwa joto. Prosesa, yaani kile kifaa kidogo kinachofanya hesabu zote, kwenye kompyuta nyingi za ofisini imepangiwa kiwango cha wati 65. Aliyewahi kushika balbu ya zamani ya wati 60 iliyokuwa inawaka anajua ilivyochoma. Sasa fikiria joto kama hilo likitoka kwenye kipande kisichozidi ukubwa wa kucha ya kidole gumba.

Ndiyo maana prosesa huvalishwa bamba lenye mapezi, na juu yake feni. Waendesha bodaboda wanalijua jambo hili vizuri. Injini ya pikipiki ina mapezi kuizunguka, na upepo wa safarini ndio unaoyapooza. Tope likijaa kati ya mapezi, injini huchemka. Kwenye kompyuta, vumbi hufanya kazi ileile ya tope.

Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujilinda yenyewe. Ikikaribia nyuzi 100 za sentigredi, kwanza hupunguza kasi. Hapo ndipo unapoona kompyuta imekuwa nzito, na wengi hudhani ni virusi. Joto likiendelea kupanda, mashine inazima kabisa ili isiungue. Kwa hiyo kuzima huko mchana ni onyo, na anayelipuuza miezi mingi hufupisha maisha ya diski na vifaa vingine vilivyo ndani.

Hewa iingie mbele, itoke nyuma

Feni haitengenezi baridi. Inasukuma hewa tu. Hewa ya chumbani inaingia, inabeba joto la ndani, inatoka nalo. Ikishindwa kutoka, feni inabaki kuzungusha hewa ileile ya moto, kama mpishi anayepepea moshi katika jiko lisilo na dirisha.

Katika boksi la kawaida, lile ambalo wengi wetu huliita CPU, hewa huingia kupitia matundu ya mbele, hasa sehemu ya chini. Hupita juu ya diski na mazabodi, kisha hutoka nyuma kwa juu. Njia hiyo imefuata tabia ya hewa yenyewe, kwa kuwa ya moto hupanda. Boksi lenye feni moja tu mara nyingi huwa nayo nyuma, ya kutoa.

Unataka kujua kama hewa yako inapita? Chukua kipande kidogo cha karatasi nyepesi, hata ya chooni. Kompyuta ikiwa imewaka na imefungwa, kisogeze karibu na matundu ya nyuma kwa juu. Kinatakiwa kisukumwe mbali. Kisha kiweke mbele kwenye matundu. Kinatakiwa kivutwe, hata kama ni kidogo. Kisiposogea kabisa nyuma, ama feni imekufa, ama njia imeziba. Kikivutwa kuingia nyuma, huenda feni imefungwa kinyume. Hili hutokea sana feni inapobadilishwa kwa haraka. Upande wa feni wenye vile vyuma au plastiki za kushikilia kitovu chake, ambako kwa kawaida kuna lebo, ndio upande hewa inakotokea.

Mahali ilipowekwa kompyuta

Mara nyingi tatizo liko nje ya boksi. Kagua mambo haya:

Kitambaa. Wengi hufunika kompyuta kwa kitambaa kizuri cha kufumwa, au huacha lile nailoni la dukani. Funika usiku, mashine ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, ondoa kabisa.

Ukuta na kabati. Acha nafasi ya angalau shubiri moja nyuma ya boksi. Ukiliweka ndani ya kabati la meza, acha milango wazi mbele na nyuma.

Sakafu. Boksi lililokaa chini hunyonya kila vumbi linalotimuliwa na ufagio. Liinue juu ya kigoda au matofali mawili.

Jua na bati. Kompyuta nyingi za ofisini zimetengenezwa zifanye kazi katika chumba chenye joto lisilozidi nyuzi 35. Chumba cha bati kisicho na dari hufika hapo upesi wakati wa kiangazi. Chumba kikipanda nyuzi 10, joto la prosesa nalo hupanda karibu kiasi hichohicho. Ihamishie ukuta usiopigwa na jua la mchana, na ufungue madirisha mawili yanayotazamana.

Na vipi kuhusu kuacha ubavu wa boksi wazi na kulielekezea feni ya mezani? Tumeona maduka mengi yakifanya hivyo. Husaidia kwa siku mbili tatu za dharura. Lakini ubavu ukiwa wazi, hewa haifuati tena njia yake kutoka mbele kwenda nyuma, na vumbi huingia moja kwa moja. Mende na mijusi nao hupenda joto hilo. Ifanye iwe njia ya kupima, halafu ufunge.

Kusafisha hatua kwa hatua

Unahitaji bisibisi, brashi mpya laini ya rangi ambayo ni kavu, na bloa ndogo kama unaweza kuazima. Pampu ya baiskeli nayo inafaa.

1. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani utoke.

2. Piga picha ya nyuma ya boksi kabla ya kuchomoa nyaya nyingine. Picha hiyo ndiyo itakayokuongoza kuzirudisha. Kisha peleka boksi nje, kwenye baraza yenye kivuli.

3. Fungua skrubu za nyuma zinazoshika ubavu wa kushoto, ukiwa umelitazama boksi kwa mbele. Vuta ubavu huo kuelekea nyuma.

4. Gusa chuma kitupu cha boksi kwa mkono kabla ya kugusa kitu kingine, na urudie mara kwa mara. Mwili wa binadamu hubeba umeme mdogo usiouhisi, lakini unaoweza kuua kifaa.

5. Zuia panga za feni kwa kidole, kisha sugua kwa brashi na pulizia kati ya mapezi. Usiache feni izungushwe na upepo wa bloa, maana itakwenda kasi kuliko ilivyotengenezwa na kuharibika. Safisha pia matundu ya mbele, ambayo wengi huyasahau.

6. Pawa saplai ipulizie kutoka nje tu. Usiifungue. Ndani yake kuna vifaa vinavyoweza kukupiga umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

7. Nyaya zinazoning'inia mbele ya feni zikusanye, uzifunge pembeni kwa kamba laini. Funga boksi na ujaribu.

Usitumie kitambaa chenye maji, wala usipulize kwa mdomo, kwa sababu mate huingia. Upepo wa kompresa ya kuziba pancha nao tunaushauri uepukwe. Una nguvu mno, na mara nyingi hutoka na matone ya maji.

Ikiwa bado inazima

Hapo ndipo ubavu wazi unapokuwa kipimo. Fanya kazi saa moja ukiwa umefungwa, kisha saa moja ukiwa wazi, wakati uleule wa mchana. Ikitulia ukiwa wazi, hewa ndani ya boksi haitoki vya kutosha: ongeza au badilisha feni ya nyuma. Pima kwanza upana wa feni iliyopo, ukingo hadi ukingo, kwa rula. Za kawaida ni milimita 80, 92 na 120, na hutumia volti 12. Ukienda dukani bila kipimo, unaweza kurudi na isiyoingia.

Ikizima hata ubavu ukiwa wazi, mtazame prosesa na feni yake. Je, feni inazunguka mara tu unapowasha? Je, bamba limekaza au linacheza? Kati ya bamba na prosesa hupakwa pesti ya kupitisha joto, ambayo baada ya miaka kadhaa hukauka na kupasuka kama tope la bwawa lililokauka. Ya zamani hufutwa yote, kisha hupakwa mpya kiasi cha punje ya njegere. Kama hujawahi kung'oa bamba hilo, mwachie fundi, ila kaa naye aifanye ukiona.

Nenda kwa fundi bila kuchelewa ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona vile vifaa vyenye umbo la kopo dogo kwenye mazabodi vimevimba kwa juu. Na fundi akikuambia mashine imekufa, mwombe akuonyeshe ni kifaa gani na amekipimaje.

Hata sisi

Tunayasema haya tukiwa tumeonja. Mchana mmoja kompyuta inayorusha muziki na matangazo studioni kwetu ilizima, na ninyi wasikilizaji mkabaki na ukimya hadi mtangazaji alipowahi maikrofoni. Tulipofungua, matundu ya mbele yalikuwa yamezibwa na vumbi la zulia. Tangu siku hiyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kuna mtu anayeshika brashi, na jina lake hubandikwa ukutani.

Na yule msikilizaji wetu wa steshenari? Alisafisha jioni ileile kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, akainua boksi juu ya matofali mawili. Kesho yake saa nane mchana kijana alirudi, akamaliza kujaza fomu yake, na kompyuta haikuzima.