Zamu Isiyo Kwenye Ratiba

Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya Temeke, na nina ualbino. Kazi niliyoajiriwa ni ya wodi ya wazazi: kupokea wajawazito, kuzalisha, kujaza mafaili. Kazi ya pili hakuna aliyeniajiri. Akizaliwa mtoto mwenye ualbino, hata kama zamu imeisha na niko kituoni nagombania daladala ya Mbagala, simu italia: "Sista, rudi mara moja, kuna mtoto wenu huku."

Narudi. Mara nyingi namkuta mama kageukia ukutani, baba yuko koridoni anauliza huyu mtoto ni wa nani. Nawaketisha pamoja. Nawaambia kila mmoja wao amebeba kinasaba cha ualbino bila kujua; wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto kama huyu. Hakuna aliyechepuka. Kisha tunaingia kwenye malezi: nguo za mikono mirefu, kofia pana, losheni ya kukinga jua kama Kilisun inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, shuleni akae dawati la mbele kwa kuwa macho yetu hayaoni mbali, na kidonda kisichopona kionwe na daktari mapema, kisije kuwa saratani. Bibi wa mtoto akifika, tunaanza upya.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu wenye ualbino 16,477 nchi nzima. Kazini kwetu, kati yao mwenye sare ya uuguzi ni mimi peke yangu, kwa hiyo kamati ya watu wenye ulemavu ni mimi, kupigwa picha na wageni ni mimi, kwenda kuzungumza shuleni ni mimi. Juni 13, siku ya ualbino iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2014, natoa mada uwanjani. Hema ni la mgeni rasmi. Sisi wenye siku yetu tunakaa juani. Yeye ana posho, mimi napewa soda.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Ni sheria nzuri. Ila ukishaingia mlangoni ukiwa mmoja, unabebeshwa wote. Marekani jambo hili lina jina: mwaka 1994 msomi Amado Padilla aliliita kodi, akizungumzia wahadhiri wa jamii za wachache, na baadaye madaktari wakajiona humohumo. Wanakaa kwenye kila kamati, wanalea kila mwanafunzi, na siku ya kupandishwa cheo wanaulizwa utafiti wao uko wapi. Mimi naulizwa na PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Humo wanaozalishwa wanahesabika. Yale mazungumzo ya koridoni hayana pa kuandikwa.

Sikatai kazi. Mama mmoja aliitazama sare yangu akauliza, "Kwa hiyo na huyu wangu anaweza kuwa nesi?" Jibu hilo siwezi kumwachia mwenzangu. Lakini habari za vinasaba na losheni muuguzi yeyote anaweza kujifunza, hata kwa wiki moja.

Nimeomba mambo mawili: wauguzi wengine wafundishwe, na saa hizo ziingizwe kwenye ratiba. Mganga mfawidhi amesema tusubiri mwaka mpya wa fedha, Julai. Kabla ya Julai kuna Juni 13, na barua ya kunialika nitoe mada imeshafika.