Shingo Kwenye Foleni ya Miritini

Foleni ikikaza barabara ya Nairobi pale Miritini, Mombasa, tazama ndani ya kebini za trela. Injini imezimwa, kiti kimelazwa nyuma, na dereva ameinamia simu, kidevu karibu kiguse kifua. Atakaa hivyo mpaka zamu yake ya kuingia bohari ya makontena ifike. Kisha atashika usukani, mbele yake kilomita karibu 480 hadi Nairobi, na kama mzigo ni wa Uganda, mpaka wa Malaba uko mbali zaidi. Madereva hawa wakija kwetu kwenye tiba ya maungo huingia wakigeuza mwili mzima badala ya kichwa, na maelezo yao ni mamoja: "Daktari, nimelala vibaya." Mimi huuliza kwanza walivyokaa mchana.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5, na kimebebwa na pingili 7 za shingo. Kikiwa juu ya mabega, misuli ya kisogoni hufanya kazi ndogo. Kikiinamishwa, misuli hiyo hulazimika kukivuta kisianguke mbele. Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa Marekani, Kenneth Hansraj, alikokotoa kwamba kichwa kikiinama nyuzi 60, mzigo wa shingo hufika kilo 27. Mchoro wake umezunguka kwenye simu za dunia nzima, na umewatia watu hofu kupita kiasi. Zile ni hesabu za modeli ya kompyuta, hakuna mtu aliyepimwa shingo yake. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana kwamba kila anayeinama ataumwa.

Kinachoumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kukaa mkao mmoja kwa muda mrefu, hata uwe mkao mzuri. Msuli uliokazwa kidogo tu, usipolegezwa, huchoka na kuanza kuuma. Abiria wa treni ya SGR anayepanda hapo hapo Miritini, kwenye stesheni iliyofunguliwa Mei 2017, naye hukaa saa nyingi, lakini akichoka huinuka akatembea behewani. Dereva hana nafasi hiyo. Juu ya hayo anatikiswa na gari, mikono yake imeinuliwa kwenye usukani, analala kidogo, na simu za mwenye mzigo hazimwachi. Usingizi mchache na wasiwasi huongeza maumivu ya shingo, na hilo si dhana ya mitaani.

Basi kwenye foleni, shuka. Kila nusu saa hivi zunguka trela, gonga matairi, kagua kamba, hata kama hiyo ni kazi ya utingo. Ukirudi kitini, sukuma makalio hadi nyuma kabisa. Usikilaze kiti sana, maana ukilala nyuma kichwa hulazimika kuja mbele ili macho yaone barabara. Taulo iliyokunjwa kiunoni husaidia. Panga kiti kwanza, vioo baadaye. Simu iinue, viwiko ukiviegemeza tumboni.

Karani wa forodha anayeshinda na laptopu kwenye kiti cha plastiki ana tatizo lake: kioo na kibodi vimeunganishwa, kwa hiyo ama shingo itainama ama mikono itaning'inia. Aiweke laptopu juu ya katoni mbili za karatasi na anunue kibodi ya pembeni.

Kuna jambo ambalo watu huliona dogo mno kuwa dawa. Mwaka 2011 watafiti wa Denmaki walichapisha jaribio la wafanyakazi 198 wa ofisini waliokuwa wakiumwa shingo na mabega mara kwa mara. Baadhi walivuta mpira kwa dakika 2 tu kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 10. Wengine walifanya dakika 12. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo. Hawakuwa madereva wa trela, lakini msuli wa bega ni ule ule. Mwombe fundi wa pancha kipande kirefu cha tyubu kuukuu ya baiskeli. Kanyaga katikati, shika ncha mbili, viwiko vikikunjwa kidogo, kisha inua mikono pembeni, ikielekea mbele kidogo, hadi usawa wa mabega. Shusha polepole. Rudia mpaka dakika 2 ziishe.

Shingo ikiwa imeshakaza, kanda kwa kitambaa cha maji ya moto kwa robo saa, uendelee kuigeuza taratibu pale inapofika. Kuchuliwa kwa mafuta ya nazi hakuna ubaya. Kinyozi anayekuvunja shingo kwa ghafla baada ya kunyoa, mkatalie: mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo unaweza kuchanika, ingawa ni mara chache. Dawa ya maumivu ya dukani kama diklofenaki, ikimezwa kila siku bila chakula, huumiza tumbo, na mwenye presha au figo mbovu asiiguse bila daktari.

Maumivu mengi hupungua ndani ya wiki chache. Usisubiri ikiwa mkono unakufa ganzi au unalegea, vidole vinashindwa kufunga vifungo vya shati, miguu inayumba, au mkojo unakataa. Homa pamoja na shingo ngumu ni dharura, na maumivu yanayotoka kifuani ni dharura vilevile. Ukikonda na kutokwa jasho usiku, fahamu kwamba kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Hospitali ya Port Reitz iko karibu.

Sheria ya Trafiki inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya muda wa saa 8 ndani ya saa 24. Lakini shingo hubeba saa za foleni pia. Kiti kilichokufa springi ni gharama ya mwenye gari, na dereva akitaje katika ukaguzi wa kabla ya safari, pamoja na breki na taa.